Betri ya moyo ikipata maambukizi: maswali yanayoulizwa kila siku

Mimi ni muuguzi wa wodi ya moyo, na sehemu kubwa ya siku yangu inaishia chumba cha dresing. Haya maswali nayasikia toka kwa wagonjwa, watoto wao, wake zao, na wakati mwingine toka kwa wenzetu wa zahanati wanaopiga simu usiku. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kwenda yale magumu. Kama una betri na kifua kimevimba sasa hivi unavyosoma, ruka yote, soma swali la 7 halafu uende hospitali leo.

## Mambo ya mwanzo

1. Hiyo betri ya moyo ni nini hasa?

Ni kiboksi bapa cha titani, ukubwa kama saa ya mfukoni, kinakaa chini ya ngozi ya kifua, chini kidogo ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Ile nafasi daktari anayoichimba chini ya ngozi ili kiboksi kikae tunaiita mfuko, kwa hiyo nikisema "mfuko" huko mbele ujue naongelea hapo. Kwenye kiboksi unatoka waya mmoja, miwili au mitatu, inaingia kwenye mshipa mkubwa wa damu na kushuka mpaka ndani ya moyo wenyewe.

Kuna za kusaidia moyo unaopiga polepole (hii ndo watu wengi wanaita pesimeka), kuna za kushtua moyo ukianza kupiga ovyo kwa namna inayoweza kuua, na kuna zile za waya tatu za watu wenye moyo uliochoka, zinazofanya pande mbili za moyo zipige pamoja. Kwenye habari ya maambukizi zote ni ndugu, ila kadri kifaa kinavyokuwa kikubwa na nyaya zinavyoongezeka ndivyo hatari inavyopanda.

2. Maambukizi yanapata watu wengi?

Hapana, wengi wanawekewa na wanaishi nayo vizuri tu, nisikutie hofu. Ila sio kitu cha nadra sana kama watu wanavyodhani. Kuna utafiti mkubwa uliotoka 2019 uliohusisha wagonjwa 6,983 waliokuwa na hatari kubwa kuliko kawaida, na kwenye lile kundi lililopata huduma ya kawaida asilimia 1.2 walipata maambukizi makubwa ndani ya miezi 12. Yaani mmoja na kitu kwenye kila mia, na hapo ni kwenye hospitali zenye kila kitu.

Kinachosumbua ni mwelekeo. Marekani walihesabu kati ya 1993 na 2008, wakakuta idadi ya vifaa vilivyowekwa imepanda kwa asilimia 96 lakini maambukizi yamepanda kwa asilimia 210. Vifaa karibu mara mbili, maambukizi zaidi ya mara tatu. Sababu kubwa ni kwamba wagonjwa wenyewe wamebadilika, wanaowekewa siku hizi ni wazee zaidi, wana sukari, figo zimechoka, moyo umechoka, na wanaishi muda mrefu kiasi kwamba wanarudi kubadilishiwa kifaa mara ya pili na ya tatu.

3. Vijidudu vinatoka wapi, si wamefanya oparesheni kwenye chumba safi?

Mara nyingi vinatoka kwenye ngozi yako wewe mwenyewe. Kila binadamu ana bakteria wanaoitwa stafilokokasi kwenye ngozi na puani, hawana neno wakikaa huko nje, lakini ngozi ikichanwa wachache wakaingia na kukuta chuma na waya wa plastiki wanapata makao. Familia hiyo ya stafilokokasi ndo inabeba maambukizi mengi ya aina hii.

Njia ya pili ni kupitia damu. Kidonda cha mguu cha mgonjwa wa sukari, mpira wa dialisisi shingoni, jipu lililoachwa, bakteria wanaingia kwenye damu na damu inapita kwenye zile nyaya usiku na mchana, wanadaka hapo. Njia hii haijali betri iliwekwa jana au miaka 10 iliyopita.

## Dalili

4. Nimetoka oparesheni wiki iliyopita, nitajuaje kama kidonda kinapona au kimeharibika?

Siku za mwanzo maumivu kidogo, wekundu mwembamba pembeni ya mshono na uvimbe kidogo ni kawaida na vinatakiwa vipungue kila siku. Hilo ndo la kuangalia, vinapungua au vinaongezeka. Ukiona leo kumevimba kuliko jana, kunawaka moto ukigusa, ngozi imekuwa nyekundu au imeiva rangi ya zambarau (kwa sisi weusi wekundu hauonekani vizuri, tafuta ngozi inayong'aa, iliyokaza na ya moto kuliko upande wa pili), kunatoa maji au usaha, mshono umeachia, au una homa na kutetemeka, rudi ulikowekewa. Usisubiri siku ya kliniki.

Kuna kitu kimoja kinatuchanganya hata sisi, jipu dogo juu ya mshono lililosababishwa na uzi, la juujuu tu, kwenye mwezi wa kwanza. Hilo linaweza kuisha kwa antibayotiki za kumeza siku 7 hadi 10 bila kugusa betri. Lakini anayeamua kwamba ni la juujuu ni daktari aliyeliona kwa macho, sio wewe kwa kuangalia kwenye kioo wala mimi kwa picha ya WhatsApp, maana picha nimetumiwa nyingi na mara kadhaa nimedhani ni kitu kidogo, mgonjwa akafika nikakuta sio.

5. Yangu ina miaka mitatu, mimi si nimeshapita hatari?

Hapana. Mengi yanatokea mwaka wa kwanza, ndio, lakini yanayochelewa yapo na huwa yanakuja kimyakimya. Ngozi juu ya kiboksi inaanza kuwa nyembamba, inashikana na chuma, ukijaribu kuibana kwa vidole hainyanyuki. Rangi inabadilika. Siku moja kunatokea kitu kama chunusi, kinatoa tone la maji, kinakauka, wiki mbili baadaye kinarudi palepale. Hamna homa wala maumivu makali, mtu anaendelea na shamba lake.

Nakumbuka mzee mmoja alikuja na plasta ya dukani kifuani, akaniambia "muuguzi, kuna kidudu kimeniuma hapa". Nikaitoa ile plasta taratibu, chini yake kona ya chuma inang'aa kama shilingi mpya, ndogo, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Alikuwa anaipaka mafuta ya nazi mwezi mzima. Sasa naomba hili lishikwe: chuma kikionekana, hata kama hakuna usaha, hata kama panaonekana pasafi, hicho kifaa chote kinahesabiwa kimeshaambukizwa mpaka mwisho wa waya. Kushona ngozi juu yake hakusaidii.

6. Kifua kiko sawa kabisa ila homa haziishi, inahusiana na betri?

Inaweza. Maambukizi yanaweza kukaa kwenye waya ndani ya moyo huku nje hakuna alama yoyote. Mtu anapata homa za jioni, jasho usiku, anakonda, anachoka, na kwa huku kwetu hadithi inajulikana: anapimwa malaria, anapewa dawa, anapata nafuu, homa inarudi, anaambiwa taifodi, anapewa antibayotiki siku tano, anapata nafuu, inarudi. Wengine wanaanza kupimwa TB. Kila dozi ndogo ya antibayotiki inawafunika wale bakteria na baadaye vipimo vya damu havioni kitu.

Kama una betri na homa imerudi mara ya pili bila sababu iliyothibitishwa, omba damu ioteshwe maabara (inawekwa kwenye chupa kuona kama kuna bakteria wanaokua), angalau chupa mbili au tatu kwa kuchomwa sehemu tofauti, KABLA ya kuanza antibayotiki. Halafu ifanyike eko (ultrasaundi) ya moyo, na bora ile ya kumeza mrija wenye kipimo kupitia koo maana ya juu ya kifua inakosa vitu vingi kwenye nyaya. Nchi zenye uwezo wanaongeza skani ya PET inayoonyesha panapowaka.

## Kosa kubwa kuliko yote

7. Pamevimba na panacheza kama kuna maji, si tuvute kwa sindano tuone ni nini?

Hapana. Naomba hapana.

Nitaeleza kwa nini, maana wanaofanya hivi hawana nia mbaya, uvimbe wowote mahali pengine tumefundishwa kuuvuta au kuupasua. Hapa kuna vitu vitatu. Kwanza, kama uvimbe ule ulikuwa damu tu iliyovilia baada ya oparesheni, ulikuwa msafi, na sindano ikipita kwenye ngozi inabeba bakteria wa ngozi na kuwapeleka moja kwa moja kwenye chuma, yaani wewe ndo unaanzisha maambukizi. Pili, sindano inaweza kutoboa plastiki ya waya. Tatu, hata ukipata usaha haubadilishi uamuzi, maana uamuzi unatokana na hali ya mfuko na damu iliyooteshwa, na usipopata usaha bado huwezi kusema hamna.

Mama mmoja aliletwa kwetu toka mkoani na wanawe wawili, betri ina miaka minne. Uvimbe ulianza kama yai la kuku, laini, hauumi. Kituo kimoja walimvuta kwa sindano mara tatu kwa wiki tatu, mara ya kwanza maji ya rangi ya chai, mara ya pili mazito, mara ya tatu usaha. Katikati yake alikuwa anapewa vidonge tofauti kila mara. Alipofika kwetu kanga ilikuwa imegandana na kifua, ikabidi niiloweshe na maji ya chumvi robo saa nzima ndo ikaachia, na yeye muda wote ananiambia pole mwanangu kwa harufu. Damu yake ilikuwa imeshaingia bakteria. Yule mama alitibiwa akapona, lakini alikaa wodini wiki saba kwa kitu ambacho kingeweza kuchukua muda mfupi sana kama angeletwa siku ya lile yai.

Kwa hiyo usivute, usikamue, usipasue, usipake dawa ya unga wala majani. Funika na kitambaa kisafi na mpeleke mgonjwa panapowekwa betri.

## Matibabu

8. Kwa nini antibayotiki peke yake zisitoshe? Mbona nimonia inapona?

Kwa sababu nimonia iko kwenye nyama yenye damu, dawa inafika. Bakteria wakikaa kwenye chuma au plastiki wanajitengenezea utando, kama ule utelezi unaoukuta ndani ya ndoo ya maji iliyokaa wiki bila kusuguliwa. Ndani ya utando wanakaa wamelala, hawazaliani kwa kasi, na dawa nyingi zinaua bakteria anayezaliana. Unapompa mgonjwa dawa unaua wanaoelea nje, homa inashuka, kila mtu anafurahi, dozi ikiisha wale wa kwenye utando wanatoka tena.

Ndio maana miongozo ya Marekani na Ulaya inakubaliana bila kusita: maambukizi ya mfuko au ya waya yakithibitishwa, kiboksi na nyaya zote vinatoka. Sio kiboksi peke yake. Kukata waya na kuuacha mkia ndani, kuosha mfuko na kukirudisha kilekile, kukihamishia upande wa pili bila kukibadilisha, vyote hivi vimejaribiwa miaka mingi na maambukizi yanarudi.

9. Nyaya zinatolewaje kama ziko ndani ya moyo?

Waya wa miezi michache huwa unavutika tu. Wa miaka mingi unakuwa umeshikana na ukuta wa mshipa kwa kovu, hapo daktari anapitisha bomba maalumu juu ya waya, mengine yanatumia leza, mengine yanazunguka kama keekee, anaachanisha kovu kidogokidogo mpaka kwenye ncha. Hatari yake ni mshipa mkubwa au moyo kuchanika, na ikitokea ni suala la dakika, kwa hiyo mpasuaji wa moyo anatakiwa awe karibu tayari kufungua kifua.

Hata hivyo hofu ya watu ni kubwa kuliko hatari yenyewe pale mikono inapokuwa na uzoefu. Ulaya walifuatilia wagonjwa 3,555 waliotolewa nyaya, madhara makubwa yaliyotokana na kazi yenyewe yalikuwa asilimia 1.7, na humo waliofariki ni asilimia 0.5. Kuacha waya wenye usaha ndani ya moyo kunaua zaidi ya hapo, kwa mbali sana.

Wakikuta donge kubwa la uchafu limening'inia kwenye waya, karibu sentimita mbili na nusu au zaidi, mambo yanabadilika, linaweza kuhitaji kufyonzwa kwanza au kufungua kifua kabisa.

10. Moyo wangu unategemea betri, ikitolewa si nitakufa?

Hili wanaliuliza kwa sauti ya chini na nawaelewa. Hauachwi bila msaada. Unawekewa waya wa muda kupitia mshipa wa shingo, na betri yake inabandikwa nje juu ya ngozi, unaweza kutembea nayo wodini, ukala, ukaoga kwa taulo. Inakubeba siku au wiki mpaka damu isafike.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui, sio kila mtu anahitaji kurudishiwa. Karibu theluthi moja ya wanaotolewa wakipimwa upya inaonekana moyo umeshajimudu au sababu ya mwanzo haipo tena, kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kununua kipya ni kama kinahitajika.

11. Dawa nitachomwa kwa muda gani, na kipya kitawekwa lini?

Inategemea na kilichokutwa. Kama ni mfuko tu, kwa kawaida siku 10 hadi 14 baada ya kifaa kutoka. Kama bakteria walikuwa kwenye damu angalau wiki mbili, na wakiwa stafilokokasi oreasi (aina kali ya wale wa swali la 3) mara nyingi wiki nne. Kama vali za moyo zimeguswa wiki nne mpaka sita. Siku zinahesabiwa toka kifaa kilipotoka, au toka damu iliposafika kama imechelewa, kwa hiyo dripu ulizopewa kabla hazipunguzi kitu.

Kipya kinawekwa upande wa pili wa kifua, mahali pasafi, baada ya damu iliyooteshwa kukaa saa 72 au zaidi bila kuota kitu. Vali ikiwa imeguswa wanasubiri zaidi.

## Mzigo kwa hospitali

12. Kwa nini hospitali inalalamika, si mgonjwa mmoja tu?

Mfuate huyo mmoja. Kuweka betri ni kazi ya saa moja au mbili na kulala usiku mmoja. Akirudi na maambukizi anahitaji kitanda kwa wiki kadhaa, siku nyingine ICU, vyombo vya kutolea nyaya vinavyotumika mara moja na kutupwa, kathilabu (chumba cha kufanyia kazi za moyo kupitia mishipa) imefungwa nusu siku, timu ya moyo, mtu wa usingizi, mpasuaji amesimama pembeni, maabara inaotesha damu kila baada ya siku mbili, betri ya muda, dripu mara tatu kwa siku, halafu kifaa kipya kwa bei ileile ya kwanza. Kwenye zile hesabu za Marekani nilizotaja swali la 2, bili ya hospitali kwa mgonjwa mmoja mwenye maambukizi ilipanda toka kama dola 75,000 mwaka 1993 mpaka zaidi ya dola 146,000 mwaka 2008.

Kwa kwetu sitaki kukupa namba, nakupa ninachokiona. Kitanda kimoja cha maambukizi kikikaliwa wiki sita, kuna watu kadhaa wenye moyo wa mapigo 30 kwa dakika wanaosubiri betri ya kwanza, wamelala kwenye wodi za hospitali za mikoa wanaanguka chooni. Familia nayo inahama, mtoto anaacha biashara, anapanga chumba karibu na hospitali, bima inafika ukomo au haipo kabisa. Vituo vinavyoweza kutoa waya wa zamani Afrika Mashariki ni vya kuhesabu, kwa hiyo kuna safari pia, na mgonjwa mwenye homa anasafirishwa.

13. Ni sisi tu tunachelewa?

Hapana, na hili liliniuma nilipolisoma. Marekani, kwenye bima yao ya wazee, waliangalia wagonjwa 11,619 wenye maambukizi ya vifaa hivi. Waliotolewa kifaa ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 18 tu. Nchi yenye leza na kila kitu, na watu zaidi ya wanane kwa kumi waliendelea na chuma chenye bakteria, wengi wanapewa dawa tu. Wale waliotolewa ndani ya siku sita walikuwa na uwezekano wa kufa mwaka ule mdogo kwa zaidi ya asilimia 40 ukilinganisha na ambao hawakutolewa.

Kwa hiyo tatizo sio mashine peke yake. Mgonjwa anafikia kwa daktari wa kawaida, anayeona homa na kuandika dawa, na simu kwa timu ya moyo inapigwa wiki ya tatu. Simu hiyo ndo ninayoipigania mimi, ipigwe siku ya kwanza, na kuipiga hata sisi tunaweza.

## Kinga

14. Kabla ya kuwekewa niulize nini?

Uliza antibayotiki ya mshipani utapewa saa ngapi. Inatakiwa iingie ndani ya saa moja kabla ya kuchanwa (vankomisini inaanza mapema zaidi, ndani ya saa mbili). Dozi hiyo moja ina nguvu ya ajabu, kule Brazil walifanya utafiti wakausimamisha kabla ya wakati baada ya wagonjwa 649, maana waliopewa dawa maambukizi yalikuwa asilimia 0.63 na wasiopewa 3.28, haikuwa haki kuendelea. Upande wa pili, kuongeza dawa juu ya dawa hakujaonyesha faida ya maana, Kanada walijaribu kwa wagonjwa 19,603. Vidonge vya wiki nzima "vya kuzuia" baada ya oparesheni havihitajiki.

Usinyoe kifua kwa wembe nyumbani. Wembe unaacha mikato midogo isiyoonekana na bakteria wanajaa humo usiku mmoja. Nywele zinapunguzwa hospitali kwa mashine, asubuhi ileile. Oga na sabuni. Kama una homa siku hiyo sema, hata kama umesubiri tarehe miezi mitatu, maana kuwekewa huku una homa ni moja ya hatari kubwa. Sukari ishuke kwanza.

15. Natumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, niiache?

Usiiache wala usiiendeleze kwa uamuzi wako, muulize daktari. Nakwambia tu kwa nini tunajali: damu ikivilia kwenye mfuko inakuwa chakula cha bakteria, na waliofuatilia walikuta uvimbe mkubwa wa damu unapandisha hatari ya maambukizi zaidi ya mara saba. Zamani wagonjwa wa warfarini (dawa ya damu nyepesi ya kumeza) waliachishwa na katikati wakachomwa heparini, ambayo ni ya sindano. Utafiti wa 2013 ukaonyesha kufanya hivyo kulileta uvimbe wa damu kwa asilimia 16, wakati walioendelea na warfarini yao ilikuwa 3.5. Uvimbe wa hivyo ukitokea, rudi swali la 7.

16. Kubadilisha betri iliyoisha si ni jambo dogo?

Kwa daktari ni dogo, kwa mfuko sio dogo. Kila mfuko unapofunguliwa hatari inakuwa kubwa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu umeshakuwa kovu, damu haifiki vizuri. Mtu wa kwanza duniani kuwekewa betri mwilini, Arne Larsson wa Sweden, aliwekewa Oktoba 1958 Stockholm, cha kwanza kikafa baada ya saa chache, na maishani mwake alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20. Alifariki 2001 akiwa na miaka 86. Inawezekana kabisa, ila kila mara iwe na sababu na iwe na maandalizi yote ya swali la 14.

Kuna pia kimfuko cha nyavu chenye dawa mbili, minosaiklini na rifampisini (ndio, hii hii ya TB), kinavishwa kiboksi na kinayeyuka chenyewe baada ya wiki kadhaa. Ndo kilichopimwa kwenye ule utafiti wa wagonjwa 6,983, maambukizi yakashuka toka 1.2 hadi 0.7. Ni ghali, kwa hiyo kinafaa kwa wenye hatari kubwa, wanaobadilishiwa, wenye figo, wenye vifaa vya waya tatu.

## Maswali ya pembeni

17. Nang'oa jino, ninywe antibayotiki kwanza?

Kwa sababu ya betri peke yake, hapana. Kama una vali ya bandia au uliwahi kupata maambukizi ya vali, hapo ndio, mwambie daktari wa meno. Ila jino bovu lisikae mdomoni mwaka mzima.

18. Nasikia kuna betri zilizotumika zinasafishwa na kupewa watu, hizo si ndo zenye vijidudu?

Kanada, toka Montreal, wamekuwa wakizisafisha na kuzipeleka nchi kama Mexico na Honduras. Walifuatilia watu 1,051 wakalinganisha na 3,153 wa Kanada waliopata vipya, baada ya miaka miwili maambukizi yalikuwa asilimia 2.0 kwa 1.2, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika, na hakuna aliyekufa kwa maambukizi ya kifaa. Chuo Kikuu cha Michigan nao wamefanya utafiti wa namna hiyo, na Kenya ni moja ya nchi zilizoshiriki. Maoni yangu, kwa mtu ambaye mbadala wake ni kukosa kabisa, kifaa kilichosafishwa kwa utaratibu unaofuatiliwa ni heri. Nyaya lakini zinatakiwa ziwe mpya daima, na usikubali kifaa ambacho hakuna anayeweza kukueleza kilisafishwa wapi na nani.

19. Nafanya dialisisi, kuna betri inayonifaa zaidi?

Uliza kuhusu ile isiyo na waya, kama kapsuli ya dawa, inaingizwa kwa mshipa wa paja na kukaa nzima nzima ndani ya moyo. Marekani iliruhusiwa 2016. Haina mfuko na haina waya unaopita kwenye mshipa, kwa hiyo maambukizi yake ni machache sana. Haifai kila moyo na bei iko juu. Ikishindikana, fistula (mshipa wa mkono ulioandaliwa kwa dialisisi) na betri vikae pande tofauti, na mpira wa shingoni usikae siku nyingi kuliko inavyolazimu.

20. Bakteria wameonekana kwenye damu ila wametoka kidonda cha mguu, betri nayo itolewe?

Wakiwa stafilokokasi oreasi, kuna uwezekano mkubwa betri imeshaguswa hata kama eko ni safi, na madaktari wengi watashauri itoke, hasa homa ikiendelea au damu ikiota tena baada ya dawa. Bakteria wa aina nyingine, mara nyingi wanasubiri na kufuatilia kwanza.

21. Bibi ana miaka 90, hawezi oparesheni, tumwache tu?

Umri peke yake sio sababu, nimeona wa 85 wakitoka vizuri. Lakini kama kweli mwili haubebi, au yeye mwenyewe ameelewa na amekataa, kuna njia ya antibayotiki za kumeza maisha yote za kuwashikilia bakteria. Haiponyi. Ni mazungumzo ya kukaa chini na daktari, bibi akiwepo na akisikilizwa, sio watoto kuamua koridoni.

22. Nimefika hospitali usiku, hakuna daktari wa moyo, niseme nini?

Sema "nina betri ya moyo" kabla hujasema homa. Toa kadi ya kifaa (piga picha kadi leo uweke kwenye simu, na nyingine kwenye simu ya mtoto). Omba damu ioteshwe kabla ya dawa, ila kama presha imeshuka na umeanza kuchanganyikiwa dawa isicheleweshwe, damu ivutwe na dawa ifuate hapohapo. Kataa sindano kwenye uvimbe, kwa heshima. Na umwombe aliyekupokea apige simu ulikowekewa usiku huohuo, namba huwa iko nyuma ya kadi.